Swali la Boke

Jumatatu, 4 Machi 1957

Darasa la nne wameimba tena. Hawasomi, wanaimba. Ukurasa mzima wa habari ya mchwa, sauti moja kama kwaya. Mwisho nikauliza: mchwa anakula nini? Chacha akajibu, "Ndiyo, Mwalimu." Nilitaka kucheka na kulia pamoja.

Wanadhani kila kilichoandikwa ni hadithi. Sungura na fisi. Nimewaambia mpaka koo likakauka: hadithi unaisikiliza, habari unaipeleka nyumbani ukaitazame kama ni kweli. Sasa ni utaratibu mpya. Soma aya moja, funga kitabu, sema umejua nini. Neno usilolijua usiliruke. Simama hapo uulize. Aliyeelewa ni Boke peke yake, binti wa Mzee Marwa. Kiswahili chake kimejaa Kikurya, lakini anauliza.

Mvua zimeanza hapa Nyansurura. Nimelima nyuma ya nyumba, lengelenge la kiganja limepasuka. Askari hataki chakula. Mbwa mvivu yule. Jioni nzima amekaa ananilamba mkono.

Alhamisi, 7 Machi

Leo nimefundisha. Nasema bila aibu. Habari ya kichaa cha mbwa. Maneno mapya ubaoni: dalili, mate, kupooza, kinga. Nimewakataza kukariri. "Dalili" tuliipata mawinguni: wingu jeusi upande wa Ikoma linakuambia nini? Wakapata. "Kupooza" walilitoa wenyewe kwa ng'ombe wa kina Chacha aliyeshindwa kuinua miguu ya nyuma. Waliposoma kwamba sindano huchomwa tumboni, kila siku, wiki mbili, darasa zima likashika matumbo. Waliposoma kwamba dalili zikishaanza kwa mtu hakuna dawa, hakuna aliyepumua. Hapo nikajua wanasoma.

Boke akasimama. Kama mbwa ameuma kidogo tu, akauliza, na damu ikatoka kidogo tu, na mtu akanawa, hiyo nayo ni kuumwa? Swali bora la mwaka. Nikasema hivyo mbele ya wote, wakampigia makofi. Alikaa ameinamisha kichwa. Nikadhani anaona haya.

Walipokuwa wananakili nikageuka kusoma ubao. Mwandiko wangu mwenyewe. Mbwa hukataa chakula. Hutokwa na mate. Sauti hubadilika. Nikatafuta kiti nikakaa. Askari, siku zote hizi.

Ijumaa, 8 Machi

Jana nilimfunga nguzoni kwa kamba ya katani. Alfajiri nilisikia akibweka, sauti si yake. Nilipotoka, kamba imetafunwa na mbwa hayupo.

Nimewauliza watoto. Nani ameumwa na Askari? Nani amekwaruzwa hata na ukucha? Hakuna mkono. Nimeuliza kwa upole, nimeuliza kwa ukali. Nimeapa kwamba hakuna atakayechapwa. Macho yote chini. Na mbwa huyu ndiye wa kushinda nao uwanjani, wakimgawia viazi vyao. Siwaamini. Naogopa.

Jumamosi, 9 Machi

Wachunga ng'ombe wamemuua Askari kwa mkuki, njia ya kwenda Nyambureti. Alikuwa anamwendea ndama. Nimemzika mwenyewe, nikimsukuma kwa jembe, bila kumgusa. Nimelia. Nilimchukua akiwa mdogo, analala ndani ya kofia yangu. Naandika kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Nimenawa kiganja kwa sabuni, tena na tena, mpaka kinawaka moto. Nimechelewa. Najua.

Jumapili, 10 Machi

Kanisani, katikati ya mahubiri, swali likanirudia. Kidogo tu. Damu kidogo tu. Na mtu akanawa. Nani anauliza namna hiyo? Mtu aliyeumwa. Na mimi, mjinga, nikamtafutia makofi.

Nikatoka kabla ya sala ya mwisho. Kwa Mzee Marwa nikamkuta Boke anasaga ulezi, kitambaa kimefungwa mguuni. Bibi yake ameshapaka majivu ya majani. Aliumwa Jumatano akimpa Askari ugali. Alitaka kuniambia kesho yake asubuhi. Lakini asubuhi hiyo tukasoma habari ya sindano, akaielewa neno kwa neno, akanyamaza. Hili ndilo linanichoma: asingeelewa, angesema.

Bibi hakuitikia shikamoo yangu. Mzee Marwa alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mura," akaniita, kijana kwa Kikurya, "mbwa ni wako." Akamtazama Boke. "Mtoto ni wangu. Mpeleke."

Jumanne, 12 Machi

Musoma. Lori la Mhindi wa dukani lilikwama kila kijito, tukashuka kusukuma. Boke na shangazi yake walikaa juu ya magunia. Njia nzima mtoto alishika kitambaa cha mguuni.

Daktari akalitazama jeraha, akakunja uso. Dawa iliyopo inamtosha mtu mmoja. Nyingine imeagizwa Dar es Salaam, itafika ikifika. Boke alikuwa nje ya pazia na shangazi yake. Daktari akaniuliza, na wewe? Nikafungua kiganja. Nikamweleza lengelenge, nikamweleza ulimi wa Askari. Akakigeuza kiganja. Kulambwa si sawa na kuumwa, akasema, lakini si salama.

Nikamwambia aanze na mtoto. Sikuwa shujaa. Nilisema nimeshika meza. Lakini ningesema nini kingine?

Sindano ya kwanza ilipochomwa nilikuwa mlangoni. Hakulia. Shangazi ndiye aliyelia.

Alhamisi, 28 Machi

Boke amerudi shuleni. Anatembea ameinama, tumbo bado lina maumivu. Shangazi anasema amepona. Hakuna ajuaye mpaka miezi ipite, ila hilo sikumwambia shangazi.

Hakuna anayekaa naye benchi moja. Mapumziko akienda mtungini, mchezo unasimama. Wote wanamtazama akinywa, kwa sababu walisoma kwamba mgonjwa huogopa maji. Akimeza, wanapumua. Nimewafukuza, wamekwenda kuchungulia dirishani. Nilisema mwenyewe, habari ipelekeni mkaitazame. Sasa wanamtazama Boke. Nimejichukia leo. Wao siwezi kuwalaumu.

Kuhusu ile dawa, hakuna neno.

Jumanne, 9 Aprili

Kiganja kinawasha. Lengelenge limepona, ngozi ni mpya, na ngozi mpya huwasha. Ni hilo tu. Kitabu kinasema mahali pa jeraha huanza kuwasha. Nimekifungia sandukuni. Mwalimu mzima, nakificha kitabu.

Dereva wa lori aliniulizia hospitali. Dawa haijafika, na sasa daraja limechukuliwa na maji, hatakwenda tena mpaka mto upungue. Nilimshukuru. Darasani nikamfokea Chacha kwa kosa ambalo hata silikumbuki. Nikamwona Boke anautazama mkono wangu ninavyoukuna kwenye ukingo wa meza. Nikauweka mfukoni.

Jumatatu, 15 Aprili

Mapumziko leo nilibaki mezani nikisahihisha. Boke akaingia na kata imejaa maji. Akaiweka mbele yangu kwa mikono miwili, akasimama.

Sikuwa nimeomba maji. Habari ya kiganja hapa shuleni sijamwambia mtu, hata Mwalimu Mkuu. Nikakumbuka pazia la hospitali, jembamba lile. Nikamtazama. Hakuutazama uso wangu. Alitazama koo.

Nikanywa. Polepole, yote. Yalikuwa ya baridi, yana ladha ya udongo. Alingoja mpaka funda la mwisho, akachukua kata.

"Na kesho nitaleta, Mwalimu," akasema.

Akatoka. Kengele ikalia, wakaingia wote, tukafungua habari ya nyuki.