Marehemu Anakusalimu

Ubaruku

Kwako mke wangu Mama Sikujua,

Kamwene. Baridi ya hapo Nyololo inakuacha? Na kile kifua? Mimi mzima, isipokuwa mgongo na aibu. Jana wenzangu wa kazini wamepata barua ya kaka yako mwalimu, anauliza marehemu wamemzika wapi. Mjibu kwamba marehemu yuko hapa mashineni, ametoka kula wali na perege wawili.

Sasa sikiliza, na usinune. Majuzi nilisindikiza lori la mchele mpaka Mbeya, tukakawia, nikaingia sinema ya mchana. Ukumbini tulikuwa watu tisa, wawili wamelala. Wamekosa! Wazungu wamefunga mbao miguuni wanateleza mlima mweupe, majambazi nyuma yao. Wakifika ukingoni hawasimami, wanaruka, mwavuli unafunguka juu yao kama uyoga. Wanatua wanacheka.

Niliporudi nikamsimulia Komba, yule Mngoni tunayelinda naye mashine ya kukoboa mpunga, nikasema hata mimi naweza. Akasema, "Wewe babu, hata kitandani unashuka umeshika ukuta."

Mngoni aniambie mimi Mhehe hivyo, mbele ya wapakiaji! Nikavua koti nikampa ashike, nikapanda paa la mashine na mwavuli wako mweusi. Chini kuna lundo la pumba refu kuliko nyumba yetu. Nikaruka.

Mwavuli ukageuka sufuria. Nikazama, pumba zikanifunika mpaka juu ya kichwa. Komba badala ya kunitoa akavaa koti langu, akaangua kilio: "Uwii, Mhehe amekufa! Kajizika mwenyewe, katupunguzia kazi! Koti nimerithi!"

Utani wa Wangoni na sisi msibani unaujua, mtani hulia huku akimcheka maiti. Wapakiaji walivunjika mbavu. Ila dereva mmoja mgeni, hajui mambo yetu, alikuwa anaondoa lori kuja huko kwenu. Nadhani ndiye aliyewashushia msiba.

Na mimi huko chini nasikia kila neno, siwezi kujibu. Nikivuta pumzi, navuta pumba. Nikajua nakwenda kweli, tena na suruali iliyotoboka.

Ndipo Komba akaona moshi upande wa pili wa lundo. Pumba huungua ndani kwa ndani, juu kumetulia. Kicheko kikamkauka. Akanichimbua kwa mikono, kucha mbili zikang'oka. Aliponitoa akanizaba kofi, halafu akanikumbatia akalia, safari hii bila maneno. Koti hajarudisha. Sijamdai.

Basi, nyamazisheni kilio. Aliyekufa ni mwavuli wako tu, nisamehe. Mbuzi wa matanga kama bado mfungue. Kama kachinjwa, niwekee paja. Msalimie mama mkwe wangu, asisikitike sana kwamba nimepona. Msalimie kaka yako mwalimu, na Sikujua wetu huko alikoolewa.

Jumamosi napanda lori. Kama umeshanyoa nywele kwa ajili yangu, usione haya, funga kitambaa. Nitakaa nyumbani mpaka ziote.

Ni mimi mumeo, bado napumua,
Baba Sikujua