Doreen Anapona Wodini Tu

Kijiji cha Lionja,
Nachingwea.
6 Desemba 1998

Mpendwa dada Makrina,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo huko Tabora? Shemeji na watoto wanaendeleaje, na kile kifua chako kimetulia? Mama hajambo, yuko kwake Kiegei. Mimi nipo, ila nakuandikia nikiwa wodini na mwanangu Doreen.

Hii ni mara ya nne mwaka huu. Kila akilazwa anakula, uzito unapanda, tunaruhusiwa. Tukifika nyumbani hazipiti wiki tatu, mbavu zinaonekana tena.

Mwezi wa saba muuguzi mmoja, dada Kulthumu, alitufuata mpaka kijijini. Hakuleta dawa. Aliuliza tunakula saa ngapi, na nani hukaa na mtoto. Niliona aibu, lakini nilisema: tunamsubiri baba yake, naye Fransisko akirudi kalewa, anagomba, mtoto anakimbilia chini ya kitanda na njaa yake.

Kulthumu hakumkaripia mume wangu. Walikubaliana Doreen ale kabla jua halijazama, na baba yake akae naye mpaka amalize, ndipo atoke.

Dada, alikaa. Miezi miwili alimmegea ugali kwa mkono wake, akamfundisha kuhesabu matonge. Doreen alinenepa, akaanza kuimba. Nilidhani tumepona sote.

Kisha mabibo yakaiva, pombe ya uraka ikawa kila nyumba. Siku ya kwanza ambayo Fransisko hakutokea, Doreen alikaa na sahani mapajani. Nilimbembeleza sana. Akasema, “Baba hajaja.” Chakula kikapoa. Kesho yake vivyo hivyo, na kesho kutwa.

Jana Fransisko alikuja hapa hajanywa, macho mekundu. Aliniambia, “Turudi nyumbani, Letisia. Nitakaa naye.” Nilishamwamini mara moja, nguvu ya kumwamini tena sina.

Kulthumu anasema nisikate tamaa, kwamba mtu anayeacha pombe huanguka, akaanza upya. Huenda ni kweli. Lakini mtoto wa miaka minne ataanza upya mara ngapi?

Nimeamua kumpeleka Kiegei kwa mama, nami nibaki naye huko. Fransisko sijamwambia, wala sijui nitamwambiaje Doreen, maana kila jioni anamuulizia baba yake. Ijumaa ndiyo tunaruhusiwa. Wenzangu humu wanahesabu siku za kutoka. Mimi nimemwomba daktari atuongezee.

Nisalimie shemeji na watoto, Apolinari na Beatrisi. Mungu awatunze, na mezani penu pawe na amani.

Mdogo wako akupendaye,
Letisia