Tulichorithi kwa Baba

Msalato, Dodoma

Kaka Ezekieli, shikamoo.

Huku upepo hauna adabu, unatia vumbi hadi kwenye ugali. Mchana kutwa tunamwaga zege, na jioni sina wa kuongea naye lugha ya nyumbani.

Juzi daktari alikuja kutupima kazini. Leo ameniambia nina mafuta mengi kwenye damu. Fundi mmoja akacheka, "Huyu mwembamba kama ufito? Mafuta kayapata wapi?" Daktari hakucheka. Aliniuliza baba alifariki vipi. Nikamwambia alianguka shambani kashika kifua, hajafika hata miaka hamsini, na baba mdogo vivyo hivyo.

"Basi huenda umerithi," akasema. "Mafuta hayo huziba mishipa ya moyo polepole. Ndugu zako nao wapimwe. Si lazima wote wawe nayo, na dawa zipo."

Kaka, nilikaa juu ya mfuko wa saruji nikamkumbuka shangazi. Tulimfukuza tukisema ndiye anayewamaliza kaka zake kwa uchawi, na mimi ndiye niliyembebea godoro hadi barabarani. Mimi nina miezi saba tu ya upweke huku. Yeye ana miaka minne.

Nenda ukapimwe, usingoje kifua kianze kuuma. Mpitie shangazi mwende wote, maana naye ni damu moja na baba. Akikataa kukufungulia, kaa hapo mlangoni umsubiri.

Wasalimie watoto, nawawaza kila siku.

Mdogo wako,
Daudi