Siku Abdallah Alipogoma Kusali

Mwaja, yule babu mkuu Abdallah niliyekutambia kwamba elimu ilimtoa dini na hakuogopa kitu? Futa. Bibi kanisimulia yote sasa hivi.

Ni enzi za Mjerumani, kijijini Kimuli. Abdallah karudi kutoka shule ya pwani, anauza nguo dukani kwao, na anajua siku ambayo jua litapatwa. Akamwambia mtu mmoja tu, Maalim Ramadhani aliyemfundisha Kurani. Akampangia ndizi na machungwa mkekani: hili jua, hii dunia, huu mwezi.

Ijumaa maalim akapanda mimbari. "Nimeoteshwa. Kesho jua litafunikwa. Tubuni."

Kaoteshwa. Mwaja, ndoto yenyewe ndiyo yale machungwa.

Abdallah akamfuata nje. "Maalim, nilikuamini."

"Ungesema wewe, mwanangu, nani angetubu?"

Kaoteshwa, jamani. Abdallah akaapa hatasali tena: kama aliyemfundisha kumjua Mungu anadanganya mimbarini, basi na hayo mengine ni yale yale.

Kesho yake msikiti ukajaa, yeye yuko dukani anapima khanga. Jua likaanza kumegwa. Kuku wakarudi bandani mchana kweupe. Anajua ni kivuli cha mwezi. Anajua kitapita. Na bado akatandika khanga nyuma ya magunia ya kahawa, akasujudu huku analia.

Mwanga uliporudi akainua kichwa. Dada yake Rukaya kasimama mlangoni, sijui tangu saa ngapi.

"Kaka," akasema taratibu, "kibla kiko nyuma yako."