Uliandika "Blero"

Mzee Etabo,

Siku ya tatu baada ya kukuzika tuliwanyoa watoto wako, uani kwako, hapa hapa kambini Dzaleka. Niliwanyoa mimi. Mchungaji alianza kunong'ona kwamba desturi hiyo ya Fizi haina nafasi kwa Mkristo, mkeo Mama Wabiwa akamjibu mbele ya watu, "Pasta, kilio ni yangu, si ya kanisa." Mchungaji akavua kofia, akajipanga foleni ya kunyolewa nyuma ya mdogo wako. Ungecheka mpaka machozi.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshafungua sanduku lako la vifaa.

Nakuandikia kwa sababu nina hasira, na mwenye kustahili hasira hiyo amelala chini ya udongo mwekundu ambapo siwezi kumshika shati. Unanijua. Nimegombana na wachungaji, na viongozi wa zoni, na kila mtu aliyewahi kuniambia mkimbizi anyamaze ashukuru. Kwako tu sikuwahi kugombana. Nilikuwa nimepata mtu mmoja ambaye sikuhitaji kumchunguza.

Nilipofika kutoka Bukavu na vyeti vyangu vya ualimu vimeloa mvua, hakuna aliyevihitaji. Wewe, mkulima wa Fizi uliyegeuka kinyozi, usiyejua Kifaransa, ulinipa nyanya iliyoiva, ukaipaka povu, ukaniambia niinyoe. Nilipasua nyanya wiki nzima. Tulizila zote na nsima, ugali wa huku. Ukanifundisha yale unayoyajua: maji ya moto kwanza, na kitambaa, mpaka ndevu zilegee. Usikandamize, uzito wa mashine ya wembe unatosha. Fuata ndevu zinakoelekea. Ukimaliza, maji baridi na jiwe la shabu. Walikuja wanaume wenye vipele shingo nzima, wakaondoka baada ya miezi wakiwa na shingo za watoto, na kila kitu ulichotumia kilitoka sokoni Lumbadzi kwa bei ya mtu maskini. Wembe, sisi wa Bukavu tunauita lame, Wamalawi wanauita lezala, na wewe ulikuwa ukisema majina yote hayo yanakata sawa.

Niliwahi kukucheka mara moja tu, ulipoandika ubaoni bei ya brashi ya povu. Uliandika "blero". Nikakuambia Wafaransa wanaliandika kwa herufi nane. Ukajibu, "Mwalimu, mi nimeandika vile kinywa inasema." Nikaona ni jibu zuri kuliko kamusi yangu.

Kisha zikaja zile boksi nyeusi. Unakumbuka, msimu wa baridi uliopita, wateja walianza kuja nazo kutoka Lilongwe, zina maandishi ya dhahabu, "Mfalme wa Kivu", mashine, brashi, sabuni na jiwe. Kashindi fundi cherehani alinunua yake kwa jasho la sare za shule alizoshona muhula mzima. Vipele vyake havikupungua hata kimoja, maana alikuwa ananyoa ndevu kavu, kwa haraka, akiamini dhahabu itamfanyia kazi.

Nilipandwa na hasira. Nikaenda mjini, kwenye lile duka la vioo na hewa baridi, nikanunua boksi moja ili niichambue. Mashine ilikuwa ile ile ya vipande vitatu inayouzwa kwa magunia kwenye maghala ya Kanengo, na ule mshono mbaya wa chuma chini ya kichwa, ule ule unaokwaruza kidole. Sabuni ilikuwa ya kipande, imekunwa na kutiwa harufu ya limau. Jiwe la shabu limeitwa kristali. Bei imeruka mara nane. Na ndani kulikuwa na karatasi ya maelekezo kwa Kiswahili, mstari wa kwanza: "Lowesha blero kwa maji ya moto."

Nilirudi mbio. Ulikuwa unampaka mtu povu. Nikasema, "Mzee, wamekuibia mpaka makosa yako." Hukugeuka. Ukasema, "Acha, Mwalimu. Maneno haina mwenyewe." Nikadhani ni unyenyekevu. Mungu wangu, nilidhani ni unyenyekevu.

Usiku ule niliandika lile tangazo nililobandika mlangoni petu, kwamba anayebandika dhahabu juu ya chuma cha Kanengo ni mwizi anayekula nyuso za maskini. Asubuhi ulilisoma kwa kidole, neno kwa neno, mpaka mwisho. Ukaniambia, "Umeandika muzuri."

Hapo ndipo ninaposhindwa, Mzee. Mengine ningeweza kuyapokea. Hapo hapana.

Siku ya kunyoa, Mama Wabiwa alinipa ufunguo wa sanduku nichukue mashine yako. Nikakuta gundi, boksi nyeusi zilizokunjwa, vibandiko vya dhahabu vilivyopangwa kama sahani, na ile karatasi ya maelekezo, ya kwanza kabisa, kwa mwandiko wako. Kumbe ndizo zile safari zako zote za Kanengo, ulizosema unafuata sabuni. Mama alisimama mlangoni, kichwa chake kimeshanyolewa na wanawake, akasema taratibu: "Alichoka, Mwalimu. Alisema, miaka yote naambia bantu ile ya bei kidogo inatosha, banacheka, banaenda kununua ya bei kali. Basi nibape ile ile." Nikamuuliza kwa nini hukuniambia. Akasema, "Alikuogopa we kuliko pasta."

Nimeligeuza neno hilo kila upande. Mimi ndiye mtu wa kuogopwa? Labda. Nina mdomo mkali, najua. Lakini mtu anayekuogopa huwa anakaa mbali, hakai nawe kiti kwa kiti miaka yote hii.

Nakujua vya kutosha kujua ungejiteteaje. Ungesema mle ndani ya boksi umeweka mafundisho ya kweli, na aliyesoma amepona shingo. Sawa. Kashindi alitupa karatasi, akabaki na boksi, kwa sababu boksi ndiyo uliyomwambia ni ya thamani. Ungewauzia wakubwa wa mjini peke yao, ningekupigia makofi na kukushikia gundi. Lakini mlango wa duka hauchagui, na watu wetu walipanda magari kwenda kununua kwa bei ya mjini kitu kilichobandikwa nyumbani kwako, hatua mia kutoka kwao. Nami uliniacha nipige kelele, ukanisifia mwandiko, nikipigana na wewe huku nikidhani napigana kwa ajili yako.

Sasa nikupe habari. Wenye duka wanangoja mzigo mwingine. Mama Wabiwa aliniomba nimalize kubandika, kwamba mikono yangu ni safi na watoto wanne wanakula kwa vibandiko hivyo. Hakulia. Angelia ingekuwa rahisi. 

Jana nilimwambia hapana. Nikamwomba gunia la mashine zilizobaki, nizipange mbele ya kiti chetu bila boksi, kila moja na nakala ya karatasi yako, kwa bei uliyonunulia na nyongeza ya chakula chake. Akanisukumia gunia kwa mguu. Hajanisalimu tangu hapo.

Kisha nikamwita Kashindi. Nikamlaza kitini na mashine yake ya boksi nyeusi, nikaanza na maji ya moto, polepole, kama ulivyonifundisha. Povu lilipofika masikioni nikamwambia ni nani aliyebandika. Nilitaka awe amelala, asiweze kuondoka. Alitazama juu. Halafu akasema, "Kumbe Mzee alininyoa mara mbili." Akacheka peke yake, ikanibidi niinue wembe nisimkate. Alipoinuka alijishika shingo, akaniuliza kama Mama amepata mtu wa kumshonea watoto nguo za kuondolea matanga. Nikasema bado. Akasema atashona. Sikumwelewa kabisa, na leo bado simwelewi, maana mimi nilitaka awe na hasira kama yangu.

Mzee, tangazo nimelibandua. Si kwa kukuhurumia. Liliandikwa kwa mwizi nisiyemjua, na sasa halisemi kweli.

Nakuaga hivi. Sijakusamehe, na usinihimize. Kila Jumamosi nitampelekea Mama mauzo yake, na asipofungua mlango nitayapitisha kwa mdogo wako. Hakuna kibandiko kitakachotoka tena nyumbani kwako kwa mikono yangu. Na mteja akiniuliza ni nani aliyenifundisha kunyoa bila kuumiza, nitataja jina lako, nitamwambia habari ya nyanya, na nitamwambia habari ya dhahabu, yote mawili, hata akiwa mgeni, hata nikiwa nimechoka. Pumzika, Mzee. Huku maji yameshachemka.

Mwalimu wako