Koti Lililolala Ukutani

Lodz, Poland
6 Oktoba 2024
Mwaka wa nne sasa tangu nitoke Kombewa

Mama Akello,

Salamu nyingi kutoka kwa mumeo Opondo. Mimi ni mzima, ila mgongo umeanza tena kunisumbua tangu baridi iingie. Ninyi mko aje? Akello ameacha kukohoa? Mama yangu anaendeleaje na goti lake? Na ndugu yangu Dalmas, bado mdomo wake unafanya kazi kuliko mikono?

Naandika kwa karatasi na kukutumia picha yake kwa sababu kwenye simu tunacheka, tunakata, halafu nakumbuka sikusema nilichotaka. Wewe Kijaluo unakisikia lakini hukisomi, na mimi Kibukusu najua matusi tu. Kiswahili changu cha darasa la saba kitatutosha.

Wamenitoa kwenye kupakua makontena. Ghala letu linauza makoti ya baridi, ya manyoya ya kweli na ya bandia, na siku hizi niko chumba cha picha. Navalisha sanamu za kuonyeshea nguo. Msimamizi wetu, Halina, aliniona nikinyoosha kola iliyokunjwa, akanishika mkono na kunipeleka huko. Ni kusimama kutwa nzima, lakini hakuna kubeba.

Ulisema belo la mitumba ulilofungua sokoni Kibuye limetoa makoti ya manyoya matupu na wateja wanakucheka kwa sababu ya joto la Kisumu. Usiyakate kuwa mikeka. Hapo kila wiki kuna muuguzi au mwanafunzi anayepanda ndege kwenda kwenye theluji, na hajui kuvaa. Wewe mvalishe.

Koti likiwa nene, kila kitu kingine kiwe chembamba: suruali ya kubana, fulana nyepesi ya joto ndani. Akivaa sweta kubwa chini yake, mikono itasimama kama ya mtu anayetaka kupigana. Kitu chenye manyoya kiwe kimoja tu mwilini. Kofia ya manyoya juu ya koti la manyoya, hapana. Koti fupi linapendeza juu ya gauni refu. Refu linataka buti na mshipi mwembamba kiunoni. Mkoba asiuning'inize begani, unasugua manyoya mpaka panatokea upara.

Ukitaka kujua la kweli, puliza manyoya yagawanyike uangalie chini. Ukiona ngozi, ni la mnyama. Ukiona kitambaa kimefumwa, ni bandia, na hilo usilisogeze karibu na pasi wala jiko.

Nisalimie wote hapo nyumbani.

Mumeo,
Baba Akello


Kombewa
20 Oktoba 2024

Baba Akello,

Nimefurahi kuona mwandiko wako. Umeharibika, lakini ni wako. Sisi ni wazima. Akello amepona na sasa anakula kama fundi wa mjengo. Mama goti linamuuma asubuhi tu. Dalmas anasema umeenda Ulaya kuvisha wanasesere, kwa hiyo wewe ni yaya.

Nilifanya ulivyosema. Nilitundika koti moja jeupe la bandia juu ya gauni refu jeusi, nikafunga mshipi mwembamba, nikasimama kando. Mama mmoja akapita, akarudi. Akasema, "Nelima, hili ndilo lile tulilolikalia wiki jana?" Nikamwambia, "Ndilo, samahani ulilikalia." Binti yake, Maryanne, anaenda Kanada kusomea uuguzi. Nilimvalisha pale pale sokoni, jua la saa sita likiwaka, jasho likimtiririka, watu wote wa Kibuye wamesimama wakipiga picha. Alitaka kuongeza kofia ya manyoya na skafu ya manyoya. Nikamwambia mume wangu amekataza. Akasema, "Mume wako yuko wapi?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka.

Sasa wanakuja wenyewe. Nakuuliza kuhusu koti moja. Kuna mtu wa kwetu anaitwa Walubengo, anaenda Finland kufanya kazi shambani. Alinunua kwangu koti la kiume, jeusi, refu, kola yake yote ni manyoya ya kweli. Zuri sana, lakini belo lililibana, kola imelala upande mmoja kama mbwa mgonjwa. Ameniachia nilitengeneze. Nifanye nini? Na mwanaume anavaaje kitu kama hicho bila kuonekana chifu wa zamani?

Mkeo,
Mama Akello


Lodz
2 Novemba 2024

Mama Akello,

Natumaini barua hii inawakuta wote salama kama mimi nilivyo, ukiondoa mgongo. Leo imeanguka theluji ya kwanza. Wafanyakazi wapya walitoka nje kuipiga picha. Mimi nilibaki ndani nikinywa chai.

Koti la Walubengo usilifue wala usilipige pasi. Kitambaa chenye unyevu kidogo, upanguse kola kufuata manyoya yanavyolala, halafu ulitundike kwenye henga pana, mbali na moto. Sokoni kuna vumbi, lipeleke nyumbani. Litundike ukutani sebuleni panapopita hewa, lilale hapo hadi asubuhi. Halafu brashi laini. Utaona kola imeamka yenyewe.

Kuhusu kuvaa, mwambie kola ndiyo pambo, asiongeze lingine. Sweta nyembamba ya shingo ndefu, rangi moja, suruali nyeusi, viatu vya ngozi. Mkufu hapana. Akiingia ndani ya nyumba alivue, asikae nalo. Hapa mtu akikaa na koti ndani wanajua hajazoea, au hatakiwi kukaa.

Halina ananipa sanamu zote za madirisha ya duka letu kwa Krismasi. Anasema nibaki hadi mwezi wa tatu, baridi iishe. Nilikwambia nitakuja Desemba. Tuone.

Mumeo,
Baba Akello


Lodz
1 Desemba 2024

Mama Akello,

Uko salama? Wiki nne hujanijibu. Nikipiga, Akello anasema uko sokoni, hata Jumapili. Dalmas naye, mtu asiyejua kunyamaza, ameniambia, "Ongea na mke wako," akakata.

Kama umeudhika kwa sababu ya Desemba, niambie. Kama kuna mgonjwa, niambie pia.

Mumeo,
Baba Akello


Mamboleo
8 Desemba 2024

Baba Akello,

Hakuna mgonjwa. Ukiona juu nimeandika Mamboleo, ndiyo, nimekodi chumba hapa Kisumu na Akello. Soma hadi mwisho kabla ya kupiga simu.

Nilifanya kama ulivyoagiza. Nilipangusa kola, nikalitundika koti sebuleni, ukutani, pale penye picha yetu ya harusi, kwa sababu ndipo penye msumari. Asubuhi Mama alikuja kuniletea samaki wa omena. Akasimama mlangoni.

"Hilo koti ni la nani?"

"La Walubengo, Mama."

"Walubengo ni nani katika nyumba ya mwanangu?"

Nilidhani ananitania. Nikasema, "Ni koti tu, Mama, linapata hewa."

"Limelala hapa?"

Nikasema, "Ndiyo, limelala." Nilisema nikicheka, Baba Akello.

Akaweka omena chini, nje, kwenye majani. Akarudi kwake bila kuingia.

Mimi ni mtu wa Kimilili. Sikujua. Dalmas ndiye aliyekuja kunieleza, na hata yeye sauti ilikuwa ndogo. Kwamba huku kwenu, mume akifa, na hakuna mwanaume wa kumrithi mjane, au mjane hataki kulala na mtu, linaletwa koti la mwanaume, linatundikwa ndani ya nyumba, linalala. Asubuhi mjane amerithiwa. Koti limefanya kazi ya mtu. Kwa hiyo mimi, mbele ya picha yako, nimekuzika na kuolewa na mtu anayeenda Finland.

Jumapili wazee wa ukoo waliketi. Pasta alikuwepo, akasema hicho ni kitambaa tu. Mama akamwuliza, "Na pete yako kidoleni, ni chuma tu?" Pasta akanywa maji. Dalmas akajaribu kuwachekesha: "Shemeji, si ungechagua hata lisilo na manyoya? Watu wanasema Opondo amerithiwa na simba." Wazee wawili walicheka. Mama hakucheka.

Niliwaambia ni wewe uliyeniagiza. Mzee mmoja akasema, "Opondo ni mtoto wa hapa. Hawezi kuagiza hivyo." Hata mimi nilijiuliza. Wewe ulijua. Ulikulia hapo. Uliwezaje kuandika "lilale hapo hadi asubuhi" na kalamu isisimame?

Wakasema nyumba haina mwenyewe. Moto usiwashwe humo mpaka wewe mwenyewe uingie, ule, ulale. Sitamkasirikia mtu. Nilifunga mlango nikaja hapa.

Walubengo alichukua koti lake. Limependeza. Sikumwambia kitu.

Mama Akello


Lodz
14 Desemba 2024

Mama Akello,

Pole. Nimeisoma barua yako bafuni kazini, nikaisoma tena kitandani. Umeniuliza niliwezaje. Nimejiuliza pia. Hapa napitisha makoti mia mikononi, na kwangu koti limekuwa koti. Lile lingine, la kwetu, halikunijia kichwani hata kidogo. Hilo ndilo jibu, na linanitisha.

Nimefikiria hivi. Kuna mtu wa Busia hapa, Wabwire, anarudi nyumbani Krismasi. Nitampa koti langu mwenyewe, la kijivu, la kazi, lina jasho langu na jina langu ndani ya kola. Alipeleke Kombewa. Litundikwe ukutani pale pale, lilale. Wote waone mwenye nyumba ni nani. Halafu ufungue mlango, mle Krismasi, na mimi nimalize msimu hadi mwezi wa tatu bila kugombana na Halina. Akisema mtu, mwambie koti limejibu koti.

Mwulize Mama, kwa upole.

Mumeo,
Baba Akello


Mamboleo
29 Desemba 2024

Baba Akello,

Tumekula Krismasi hapa, mimi na Akello, na kuku mmoja. Tu wazima.

Sikumwendea Mama. Yeye ndiye aliyekuja Kibuye, siku ya soko, na goti lake hilo. Nilikuwa namfunga msichana mmoja mshipi kwenye koti la kahawia. Mama akaketi juu ya belo, akatazama mpaka nikamaliza. Akasema, "Mkono wa kushoto umezidi." Kweli ulikuwa umezidi. Nikaukunja.

Msichana alipoondoka nikamweleza habari ya koti lako la kijivu. Akasema, "Koti hutundikwa kwa mwanamke asiye na mume. Opondo akileta lake, amekubali mwenyewe kwamba hayupo. Atakuwa ameniandikia kifo chake kwa mkono wake."

Sikuwa nimefikiria hivyo. Wewe je?

Halafu akasema jambo ambalo nimelibeba tangu siku ile. "Nelima, sikukukasirikia wewe. Nilipoliona koti pale ukutani nilitafuta mshangao moyoni, sikuupata. Nikaona kumbe nimekuwa nikilingojea tangu Opondo aondoke."

Hakulia. Akaniuliza bei ya koti la watoto, la manyoya ya waridi, akasema la Akello, la baridi ya asubuhi. Nikampa.

Wabwire alinipigia, nikamwambia asije. Koti lako alirudishe.

Mimi, Baba Akello, nimesimama hapa sokoni nikivalisha watu wanaoondoka. Nawafunga vifungo, nawaambia wasivae mkufu, wanapanda gari wanaenda. Hakuna hata mmoja aliyerudi kuniuliza namna ya kulivua. Nitangoja mwezi wa kwanza uishe. Ukipita, nitamchukua Akello twende kwa baba yangu Kimilili, na hilo silisemi kwa hasira. Nyumba isiyowashwa moto si yangu.

Mama Akello


Lodz
11 Januari 2025

Mama Akello,

Salamu kwako na kwa Akello. Mimi ni mzima. Mgongo leo sitausema.

Nilichelewa kujibu kwa sababu nilitaka kuandika kitu kilichokwisha, si kitu nitakachofanya. Kimekwisha.

Nilimwendea Halina Jumatatu. Nilimwambia natoka kabla msimu haujaisha. Akasema anayetoka katikati ya baridi hapangiwi kazi tena, na hiyo ni kweli, nimeshaona wengine. Akauliza kama kuna msiba nyumbani. Sikujua niseme ndiyo au hapana. Nikasema mama yangu ananingoja mlangoni. Akafikiri sijui Kiingereza vizuri. Aliniacha nimalize dirisha moja la mwisho: koti refu la kijivu la bandia, suruali nyeusi, mikono mitupu. Nilirekebisha kola, nikazima taa ya dirisha, nikarudisha kitambulisho.

Nitakuja kufanya nini, sijui. Nakwambia wazi. Labda nitakaa na wewe Kibuye tuvalishe watu, labda nitarudi kulima, labda utanichoka kufikia Pasaka. Mwili umechoka, na nimezeeka usoni kuliko picha ninazokutumia, maana nachagua. Usishtuke. Akello mwandae pia.

Nimeongea na Mama kwa simu. Hakuniuliza chochote kuhusu makoti. Aliuliza kama bado nakula samaki, nikasema ndiyo, akasema basi, akampa Dalmas simu. Dalmas akasema atafagia nyumba yeye mwenyewe. Nikamwambia nikikuta vumbi nitajua.

Usije uwanja wa ndege. Nenda Kombewa na Akello mapema, lakini msifungue. Nikubalieni nifungue mimi, niwashe moto mimi, nikae chini nile chochote mtakachopika. Usiku huo nitalala humo. Mama akija asubuhi na akasimama mlangoni, nitamkaribisha mwenyewe.

Ninatarajia kufika Jumamosi tarehe 25 Januari, kabla ya jua kuzama.

Mumeo,
Baba Akello