Figo ya Kaka na Sindano ya Ijumaa

Jumamosi, Juni. Bariadi.

Asubuhi ya baridi. Jua limetoka lakini halina kazi. Malori ya pamba yamepita tangu alfajiri, na nyuzi nyeupe zimenasa kwenye michongoma ya jirani. Mkono wa kushoto unauma nikiunyanyua. Joto la mwili ni thelathini na sita nukta nane. Nimepima mara tatu, hadi kipimo kimenichoka.

Nilitaka kuandika haya kwa utaratibu, maana mimi ni karani wa masijala na kazi yangu ni kuhakikisha kila karatasi inakaa kwenye jalada lake. Ila wiki hii karatasi zangu zimetawanyika. Nitaandika zinavyokuja.

Kwa anayenisoma leo mara ya kwanza: ninaishi kwa figo ya kaka yangu. Zangu zilikufa zote mbili nikiwa bado sijafika miaka thelathini na tano. Kaka Masanja ni mfugaji wa kule Mwanhuzi, mtu ambaye alikuwa hajawahi kulala hospitali hata siku moja. Alipanda basi hadi Dodoma, akapimwa, akapasuliwa, wakamtoa moja wakaniwekea mimi. Ni miaka minne sasa. Tangu hapo nameza vidonge saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, vya kulaza kinga ya mwili ili isiishambulie figo ya mtu mwingine. Miaka minne sikuwahi kuchelewa. Hata siku tuliyomzika mama nilimeza pale pale makaburini, na watu wakanitazama.

Ubaya wake ni kwamba kinga ikilala, inalala kwa kila kitu. Mwaka jana nilipata homa ya mapafu. Kwa mwenzangu ofisini ingekuwa wiki moja ya kukohoa. Mimi nililazwa wiki tatu, kreatinini, kile kipimo cha damu kinachopanda figo ikichoka, ikapanda, na daktari akaacha kutania. Kaka alikuja akakaa kwenye benchi la nje siku zote hizo, na fimbo yake. Walimwambia fimbo haingii wodini, basi na yeye akakataa kuingia.

Kwa hiyo Jumatatu lilipopita gari la matangazo likisema kuna chanjo mpya ya homa ya mapafu kwa watu wazima, wazee kwanza na wenye magonjwa ya kudumu, moyo uliruka. Hiyo ni ya kwangu, nikasema. Manesi waliweka meza kwenye banda la pikipiki pale pale ofisini kwetu. Nikapanga foleni. Mbele yangu watu watatu, wawili, mmoja.

Nesi akaniuliza kama nina ugonjwa wowote. Nikafungua mdomo, nikasema nimesahau kitambulisho ndani.

Sikurudi.

Nilikaa masijala mlango nimeufunga, najifanya natafuta jalada. Niliogopa. Nilishajiuliza swali moja nikiwa kwenye foleni na likanigandisha: chanjo kazi yake si kuamsha kinga? Na mimi miaka minne nameza vidonge vya kuilaza. Ikiamka itaangalia huku na huku, itaiona figo ya Masanja, na itasema huyu mgeni anafanya nini hapa?

Jumanne nilimpigia daktari wangu wa kliniki. Ni mtu wa maneno machache, ila safari hii alijitahidi. Alisema chanjo hii haina kijidudu kilicho hai, ni vipande tu vya kuufundisha mwili adui anafananaje. Alisema zipo chanjo zenye vijidudu hai vilivyopunguzwa nguvu, na hizo mimi nisiziguse kabisa, na kila mara niulize kabla ya kunyoosha mkono. Hii anaishauri. Vipimo vyangu vya mwezi jana vilikuwa vizuri na figo imetulia, kwa hiyo wakati ni huu. Ila mwili wangu unaweza kuitikia kidogo kuliko wa mtu mwingine, na hawezi kuniahidi kwamba sitaugua kamwe.

Halafu akasema, "Uamuzi ni wako, dada Kabula."

Weee! Wangu?

Hapa lazima nieleze jambo la kwetu, la sivyo nitaonekana mjinga. Kwetu mtu mwenye ng'ombe wengi anawaweka wengine kwa ndugu. Unamfuga, unamkamua, unalima naye shamba, watoto wako wanakunywa maziwa yake. Lakini si wako. Huwezi kumuuza, huwezi kumchinja, huwezi hata kumtoboa sikio bila kumwambia mwenyewe. Na akifa, unampelekea mwenyewe ngozi, aione kwa macho yake, ajue kweli amekufa na hukumla wala kumuuza.

Hakuna aliyewahi kusema kwamba figo hii niliwekewa kwa mtindo huo. Kaka hajasema. Mimi ndiye nimeishi hivyo. Nilimuuliza kabla ya kuhama nyumba, maana nyumba mpya iko karibu na barabara yenye vumbi. Nilimuuliza kabla ya kukubali safari ya kikazi. Kuna mwanamume mmoja mzuri tu aliyetaka kunioa, na mimi nikaanza kwa kumuuliza Masanja kama mimba itaichosha figo. Kaka alijibu yeye si mkunga. Mwanamume naye akachoka kusubiri majibu. Sikumlaumu.

Na kaka naye ana utani wake. Kila Jumamosi akimaliza kukamua ananipigia, na hata salamu hatoi. Neno la kwanza ni, "Figo yangu imeamkaje?" Namjibu mhola, salama. Ndipo ananiuliza mimi. Wote tunacheka. Miaka minne nacheka, na kila nikikata simu najiona kama zizi.

Basi Jumatano nikampigia kuomba ruhusa.

Nikajua nimekosea hata kabla hajajibu, kwa sababu nilisema "chanjo ya homa ya mapafu" kwa mfugaji wa Mwanhuzi. Ng'ombe nao wana homa yao ya mapafu, na chanjo yao inachomwa kwenye ncha ya mkia. Mwaka ule bwana mifugo alipochanja kijijini kwao, ng'ombe wanne wa kaka walivimba mikia hadi ikabidi ikatwe. Mmoja alikuwa mtamba wake mwekundu aliyempenda kuliko watu. Hadi leo yule mtamba anafukuza nzi kwa kichwa.

Nikamweleza kwamba hii ni ya watu, ni kitu kingine kabisa. Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza taratibu, bila ukali, kama kuna siku niliwahi kuona ng'ombe dhaifu akichanjwa. Sijawahi. Mtoto yeyote wa kwetu anajua: kabla ya kuwapitisha kwenye kibanio, ile njia ya miti ya kupita mmoja mmoja, bwana mifugo anawatazama, na aliyekonda au anayeumwa anatolewa pembeni.

"Wewe ndiye unayetolewa pembeni, Kabula," akasema. "Iache figo yangu."

Safari hii hakucheka.

Nilikasirika, tena sana. Nilimkasirikia kwa sababu ana akili. Nilikasirika pia kwa sababu sauti yake ilitetemeka, na Masanja si mtu wa kutetemeka. Amebaki na moja. Hii yangu ikifa, alichotoa kitakuwa kimekwenda bure, na hakuna ngozi ya kumpelekea. Hilo hatujawahi kulizungumza. Nilikaa nalo jioni nzima, ugali ukapoa.

Alhamisi nikafanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya tangu mwanzo. Nilimpigia daktari tena, na nikamweleza habari ya ng'ombe vile vile ilivyo, mikia na yote. Nilitegemea acheke. Hakucheka. Alisema kaka yangu hajakosea kwa ng'ombe wake, maana ile chanjo yao ina kijidudu hai, na mnyama dhaifu kinaweza kumlemea. Hii yangu haina cha kumlemea mtu. Udhaifu wangu ndio sababu ya kuchanjwa, kwa kuwa ugonjwa wenyewe ukija hautanitoa pembeni.

Nilimuuliza swali la mwisho, lile lililonigandisha kwenye foleni. Itaamka iiue figo? Akasema hatari hiyo kwa chanjo za namna hii wameiangalia na haiwapi hofu, na homa ya mapafu ndiyo anayoiogopa. Akanikumbusha kreatinini ya mwaka jana. Hakuhitaji kunikumbusha.

Nikaweka simu mezani, nikaitazama. Utaratibu ulikuwa wazi: sasa nimpigie kaka, nimweleze, nisubiri akubali. Angekubali labda baada ya mwezi. Manesi walikuwa wanaondoka Ijumaa jioni kwenda Maswa.

Sikumpigia.

Jana, Ijumaa, nilikuwa wa kwanza kwenye banda la pikipiki. Nesi yule yule. Akanitazama, akasema, "Kitambulisho kimepatikana?" Mbaya sana yule dada. Safari hii nilisema kila kitu: nimepandikizwa figo, dawa hizi na hizi, daktari wangu amesema hivi. Akaandika, akampigia mkubwa wake kuhakikisha, akaniuliza mkono upi. Nikasema kushoto. Sindano yenyewe haikunipa hata nafasi ya kusema aa. Nikakaa dakika thelathini kwenye benchi kama walivyoagiza, na machozi yakawa yananitoka tu. Nesi akadhani inauma. Nikamwacha adhani.

Nilikuwa nimemchanja ng'ombe wa mtu bila kumwambia mwenyewe. Ndivyo nilivyojisikia. Na chini yake kulikuwa na kitu kingine, chepesi, nilichokionea aibu. Nilifurahi.

Jioni mwili ulipata joto kidogo, thelathini na saba nukta sita, walisema linaweza kutokea. Nikampigia kaka. Sikuomba. Nilimwambia nimechanjwa leo asubuhi, mkono wa kushoto, na nikamweleza aliyosema daktari kuhusu kijidudu hai, na kwamba kwa ng'ombe zake yeye yuko sahihi. Nilisikia kengele za ng'ombe wakiingia zizini. Nilisikia akimfokea mbwa. Nilidhani simu imekatika.

"Haya," akasema, na akakata.

Anayejua watu wa kwetu anajua hiyo "haya" ni nzito kuliko tusi. Nilimeza dawa zangu nikalala, na sikulala.

Asubuhi hii niliamka nikipima joto na kuitazama simu, kwa zamu. Saa mbili kasoro dakika tano, vidonge viko kwenye kiganja na maji yako mezani, ikaita.

Nilipokea nikiwa tayari kwa lile neno lake la kwanza. Nilishaandaa na jibu.

"Mwangaluka," akasema. Salamu, kama mtu anavyompigia mtu. "Mkono bado unauma?"

Nikasema unauma kidogo. Akauliza nimekula nini. Akauliza kama nililala. Akasema mtamba mwekundu, yule asiye na mkia, amezaa alfajiri, ndama jike, mkia anao mzima. Akasema vumbi la malori ya pamba nivae barakoa hata kama wenzangu wananicheka. Akasimulia na habari ya kisima. Dakika zikaenda. Mimi nasubiri, nasubiri, haulizi.

Mwisho nikashindwa, nikamwambia kaka, leo hujaiuliza figo yako.

Nikamsikia akiweka ndoo chini.

"Mtu akishachanja bila kuuliza, si ameshakuwa mwenye ng'ombe?" akasema. "Yako hiyo. Ngozi usiniletee." Kisha akacheka, kile kicheko chake cha kukohoa, na mimi nikacheka, na alipokata ndipo nikakaa hapa kitandani nikalia kama mtoto.

Nilipofumbua kiganja vidonge vilikuwa vimelowa jasho. Saa ilikuwa mbili na dakika ishirini. Mara ya kwanza tangu Dodoma. Nimevimeza, nimeandika muda kwenye daftari la kliniki, na Jumatatu nitamweleza daktari.

Kaka sitamwambia. Si kila kitu cha kwangu lazima akijue.